Fundi wa Hewa Kwenye Geti Lililofungwa

Shangazi yangu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, sukari ya kupanda na kushuka, na mikono isiyotoka mafuta ya mashine hata aisugue kwa nini. Kazi aliianza akiwa bibi arusi mpya, katika gereji ya mumewe, akijaza upepo kwenye matairi. Kompresa ikigoma, mumewe aliipiga teke, yeye aliifungua. Kutoka kompresa za gereji akahamia friji za mabucha, kisha vyumba vya baridi, hadi siku moja hospitali ikamwita aangalie mtambo wa oksijeni ambao mafundi watatu wenye vyeti walishaunawia mikono. Akajifungia nao siku mbili. Alipotoka uso ulikuwa umejaa vumbi na mtambo unanguruma. Tangu hapo mjini wakamwita Fundi wa Hewa. Sisi nyumbani tuliendelea kumwita shangazi na kumsumbua na feni zetu.

Mwaka ule wa janga, nchi zilipofunga mipaka kila moja ikajifungia na wagonjwa wake, simu yake haikupoa. Aliyepiga Jumanne ile asubuhi hakuwa mtu wa mjini kwetu. Ilikuwa hospitali ya nchi jirani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mpakani, ambako miaka minne nyuma alikwenda kufunga mtambo. Fundi wao wa hapo alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kutengeneza redio, na jina la Fundi Redio halikumtoka.

"Mama," alisema, "usafi wa hewa umeshuka. Inatakiwa tisini na tatu kwa mia. Leo nasoma themanini na nne."

"Jana?"

"Themanini na nane."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamkanda miguu binti yake, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa na miguu imevimba kama mikate. Akaacha kukanda.

"Una wagonjwa wangapi kwenye hewa?"

"Ishirini na sita, mama."

Binti alimwangalia mama yake usoni akajua. "Usithubutu," alisema. "Mama, usithubutu. Mpaka umefungwa. Na wewe na sukari yako, ugonjwa huu ukikupata ndio basi. Mimi nitajifungua na nani?"

"Sijasema naenda."

"Umeshafika. Nakuona."

Wala hakukosea. Siku ile ile shangazi alikwenda kupimwa, maana bila cheti cha kipimo hakuna geti ambalo lingemsikiliza, na cheti chenyewe kilikuwa na uhai wa saa sabini na mbili tangu kuchukuliwa sampuli. Majibu yalichukua siku mbili nzima kutoka. Barua ya kibali kutoka wizara ya nchi ile ilifika kwa simu Alhamisi jioni, ikimruhusu kuingia "mhandisi mmoja wa mitambo ya tiba pamoja na vifaa vyake". Tukaichapisha. Ijumaa alfajiri nikapakia kwenye pikapu yangu boksi lake la spana, mkoba wa insulini, na mifuko minne ya karatasi nzito, kila mmoja kilo ishirini.

Ndani ya mifuko ile mlikuwa na punje nyeupe, ndogo kama mtama. Njiani nilimuuliza ni za nini.

"Hizi ndizo zinazochuja," alisema. "Hewa ya kawaida inasukumwa ndani ya mnara uliojaa punje hizi. Punje zinashika kile tusichokitaka, oksijeni inapita. Mnara mmoja ukijaa unapumua nje, wa pili unashika zamu. Zinachoogopa ni kitu kimoja tu: maji. Zikilowa, zimekufa. Na nahisi mnara wao mmoja umekunywa maji."

Binti yake hakutoka kutuaga. Alisimama nyuma ya pazia la sebule. Niliona vidole vyake tu.

Mpaka wenyewe ulikuwa mageti mawili yaliyotazamana, katikati lami ya hatua kama arobaini. Zamani pale ungetafuta pa kukanyaga kwa wingi wa watu. Siku ile kulikuwa na foleni ya malori ya mizigo, kimya, na madereva waliolala chini ya matela. Upande wetu afisa aligonga muhuri wa kutoka kwenye pasi ya shangazi, lakini kwanza alimsainisha karatasi.

"Mama, umeelewa ulichosaini? Ukivuka mnyororo huu, kurudi si wakati wowote unapotaka. Ni mpaka serikali itakapofungua kwa raia walio nje. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi."

"Nimeelewa, afande."

Nikamsaidia kusukuma mkokoteni wenye mifuko hadi kwenye mnyororo, nikaambiwa mwisho hapo. Shangazi akausukuma mwenyewe hatua arobaini zile. Jua lilikuwa limeshapanda. Upande wa pili walikuwa wameweka meza nje, chini ya turubai, na kwa sababu ya barakoa kila mtu alikuwa anapaza sauti, kwa hiyo mambo yote niliyasikia nikiwa nimesimama.

Afisa wa uhamiaji alikuwa mwembamba, barakoa mbili usoni, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alisoma barua. Akafungua pasi. Akarudi kwenye barua.

"Kibali hiki ni cha mhandisi."

"Ndiyo."

"Pasi yako inasema mama wa nyumbani."

Ni kweli. Pasi ile aliijazia fomu miaka mingi nyuma, na mumewe ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

"Ni mama wa nyumbani," shangazi alisema, "na natengeneza mitambo ya hewa."

"Una cheti cha uhandisi?"

"Sina."

"Kitambulisho cha kampuni?"

"Sina, mwanangu. Nina mikono hii."

Afisa akaisukuma pasi mezani kuelekea kwake, taratibu, kwa ncha ya kalamu. "Mama, wiki iliyopita alipita hapa daktari ambaye si daktari. Alikuwa anamfuata mumewe. Nilimruhusu mimi. Leo niko na barua ya onyo. Rudi nyumbani."

"Nyumbani nimeshagongewa muhuri wa kutoka. Hawanipokei."

"Basi utakaa hapo," akaonyesha lami katikati ya mageti mawili, "mpaka wakubwa wazungumze."

Cheti cha kipimo kilikuwa kimebakiza saa tatu. Kikifa, angelazimika kupimwa upya, na pale mpakani hapakuwa na maabara. Shangazi alikaa juu ya boksi lake la spana. Nilimwona anaingiza mkono kwenye mkoba, anatafuta biskuti, anaila kavu kavu kwa ajili ya sukari. Nusu saa ikapita. Nilipiga simu wizarani kwao mara kumi na moja. Iliita ikakatika, iliita ikakatika.

Kisha simu yake yeye ikaita. Aliweka sauti ya nje hadi mwisho, nami kwenye mnyororo nikasikia.

"Mama, uko wapi?" Fundi Redio alikuwa analia bila kujificha. "Tumefika sitini na nane. Madaktari wamewaunganisha walio hoi kwenye mitungi. Imebaki mitungi tisa. Kwa mwendo huu jioni hatuna kitu."

Shangazi akasimama. Akaipeleka simu ile hadi mezani kwa afisa, akaiweka juu ya karatasi zake.

"Mwanangu, sikubishii. Sikiliza tu."

Kisha akainama kwenye simu. "Acha kulia. Nenda kwenye mtambo. Isogeze simu kwenye minara, chini, pale inapopumulia."

Ukasikika mngurumo. Halafu mpumuo mmoja mkubwa, pshaaa, ukakatika safi. Shangazi akawa anahesabu kwa kidole mezani. Ukaja mpumuo wa pili, dhaifu, wenye mluzi mwembamba nyuma yake usioisha.

"Umesikia?" alimwuliza Fundi Redio, lakini afisa pia aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameulizwa yeye. "Mnara wa kushoto haufungi. Vali yake raba imepasuka, upepo unatoroka kabla ya kuchujwa. Sasa nenda kwenye kikausha hewa. Chini kuna bomba la kutolea maji. Lifungue kwa mkono."

Ikaja sauti ya maji yakimwagika, yakiendelea kumwagika.

"Kiasi gani?"

"Nusu ndoo, mama."

"Ilitakiwa matone. Haya. Kushoto kumelowa. Sasa fanya hivi: bomba la kutoka kwenda wodini, libane. Geuza robo. Usiogope, geuza. Utatoa hewa kidogo lakini itakuwa safi zaidi. Waambie madaktari wachague nani aipate. Niambie unasoma ngapi."

"Sitini na tisa… Sabini na moja…" Dakika zikapita. "Sabini na saba, mama!"

"Itaishia hapo hapo. Hiyo ni ya kutuvusha tu. Punje ninazo mimi na raba ninayo mimi, na mimi niko kwenye geti."

Afisa alikuwa ameshika kichwa. Aliinuka, akaenda nyuma ya kontena wanalofanyia ofisi, na nikamwona akitembea huku na huku na simu sikioni. Aliporudi alikaa, akavuta muhuri, akaupuliza kama mtu anayepuliza chai.

"Mkubwa wangu hapokei," alisema. "Nimewapigia hospitali mwenyewe. Daktari wa zamu ameniuliza jina langu, ili akiulizwa na ndugu za wagonjwa ajue la kusema." Akagonga muhuri. "Nenda, mama. Ukinidanganya, tutafukuzwa wote."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kulikuwa na mtu wa afya, amevaa ovaroli jeupe kutoka utosini hadi kidoleni, pampu ya dawa mgongoni. Kazi yake ilikuwa kupulizia kila kitu kinachoingia. Alishapulizia boksi la spana likawa linachuruzika. Alipoelekeza mpira kwenye mifuko, shangazi alijitupa juu yake, kifudifudi, mikono ameitandaza.

"Usipulizie hii!"

"Mama, toka. Ni utaratibu."

"Hii ikilowa wameshakufa! Ni karatasi hii! Nipulizie mimi!"

Na kweli yule bwana, kwa mshtuko au kwa ukaidi, akampulizia mgongoni. Shangazi hakutoka. Dawa ilimwingia machoni, gauni likamganda, na mimi ng'ambo ya mnyororo nilikuwa napiga kelele ambazo hadi leo sijui zilikuwa maneno gani. Afisa mwembamba ndiye aliyeshika ule mpira wa pampu kwa mkono wake akaukunja. Wakabishana. Mwishowe waliifuta mifuko kwa kitambaa chenye spiriti, mmoja mmoja, shangazi akisimamia kama anayesimamia kuogeshwa kwa mtoto mchanga, kisha wakaivisha nailoni mbili. Gari la wagonjwa lililotumwa kumchukua likaondoka naye akiwa amelowa chapachapa, boksi la spana miguuni, punje kavu ubavuni.

Yaliyofuata nilisimuliwa na yeye, na mengine na Fundi Redio.

Walifika adhuhuri. Chumba cha mtambo kilikuwa nyuma ya wodi, na ukuta uliovitenganisha ulikuwa mwembamba, kikohozi cha upande wa pili kilisikika. Daktari mkuu, mwanamke mfupi mwenye alama za barakoa mashavuni kama makovu, alimsubiri mlangoni.

"Unahitaji nini?"

"Niuzime kabisa, kwa saa tatu."

"Mitungi iliyobaki ni sita. Inatutosha saa tatu na nusu kama hakuna atakayezidiwa."

"Na nisipouzima, kesho utakuwa na hewa isiyo hewa."

Daktari alitazama saa ya ukutani, si shangazi. "Zima," alisema, akaenda zake upesi.

Waliuzima. Fundi Redio anasema kimya kile ndicho kilichomtisha kuliko kitu chochote, maana mtambo ule ulikuwa haujanyamaza kwa wiki saba. Walifungua kifuniko cha mnara wa kushoto: bolti kumi na mbili. Kumi na moja zilitoka. Ya kumi na mbili ilikuwa imeganda kwa kutu. Wakaipaka mafuta, wakaigonga, wakatundika bomba kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu, wakalivuta wote wawili hadi spana ikaruka ikampasua shangazi kidole. Dakika arobaini zilikwenda kwa bolti ile moja. Mwishoni waliikata kwa msumeno wa mkono, kwa zamu, mmoja akikata mwingine akimfuta jasho lisidondoke ndani ya mnara.

Punje za juu zilikuwa zimeshikana kama sukari iliyopata unyevu. Wakazichota kwa kikombe cha chai. Mlango ukafunguliwa.

"Mitungi mitatu," alisema daktari.

Wakachota mpaka wakafikia punje zinazotiririka. Wakamimina mpya, mfuko baada ya mfuko, wakiugonga mnara kwa nyundo ya mpira ili zikae. Shangazi alianza kuona nyota. Alijua ni sukari imeshuka, akamwomba Fundi Redio soda, akainywa amesimama. Akabadilisha raba ya vali. Akasafisha lile bomba dogo la maji lililoziba, ambalo ndilo lililoanzisha balaa lote. Tope lililotoka humo halikujaza kijiko.

"Mmoja," alisema daktari mlangoni, na safari hii hakuondoka. Alibaki pale.

Waliuwasha. Mnara wa kulia ukapumua. Wote watatu wakabana pumzi. Wa kushoto ukapumua, pshaaa, ukakatika safi.

Lakini namba hazipandi mara moja. Kipimo kilianza thelathini, kikaenda hamsini, kikasita kwa muda uliomfanya shangazi aanze kuhesabu bolti upya kichwani. Sitini na sita. Sabini na tisa. Themanini na tano, daktari akafumba macho. Ilipofika tisini na moja aliita wodini kwa sauti iliyokwaruza: "Warudisheni kwenye mtambo!" Mshale wa mtungi wa mwisho ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu.

Jioni ile walipokuwa wananawa, shangazi alimwuliza daktari, "Wote wapo?"

"Mmoja tumempoteza. Saa tisa."

"Mtambo ulikuwa umezimwa."

"Ulikuwa umezimwa," alisema daktari. "Na hali yake ilikuwa mbaya tangu asubuhi. Yote mawili ni kweli, fundi. Sitakuchagulia moja."

Alikuwa mshona viatu, mwenye miaka sitini. Shangazi alimwona tu akipitishwa, amefunikwa, na soksi moja imechungulia.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Upande wetu haukufungua. Wiki ya kwanza walisema wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika hawakusema kitu. Alilala kwenye stoo iliyokuwa na vitanda vibovu, akatengeneza mashine za kufyonza makohozi, jokofu la maabara, hata kengele ya lango. Hakushikwa na ugonjwa, sijui kwa nini, maana wauguzi wawili aliokula nao walishikwa. Siku ya kumi na tisa nilimpigia kumwambia amepata mjukuu wa kike, na kwamba binti yake alijifungua kwa upasuaji baada ya uchungu wa siku nzima.

"Niunganishe naye," alisema.

Nilimpa yule binti yake, binamu yangu, simu kitandani. Aliishika, akasikiliza kidogo, akanirudishia.

"Mwambie nimelala," alisema, macho makavu.

Siku ya thelathini na nne walifungua geti kwa raia, saa chache, na shangazi akavuka na wengine kama mia hivi. Hawakuruhusiwa kwenda nyumbani. Waliwekwa karantini kwenye shule, godoro kwa godoro darasani, siku kumi na nne. Jamaa waliruhusiwa kufika kwenye uzio mchana, dakika kumi, hatua tano kutoka kwenye waya.

Binamu yangu hakutaka kwenda. Siku ya nne akataka. Tulimkuta shangazi amekonda, kidole kina kovu jipya, amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi magoti yamemfika kifuani. Alisimama alipouona mzigo mgongoni kwa binti yake. Hakusogea, kwa sababu mlinzi alikuwa anaangalia.

"Mgeuze nimwone uso," alisema.

Binamu yangu alimgeuza. Wakakaa hivyo. Mtoto alipiga chafya na sisi wote watatu tukashtuka kama tumesikia bunduki, tukacheka bila kupenda.

"Nilikuita," alisema binamu yangu. "Kwenye leba. Nilikuita kama mtoto mdogo, mbele ya wauguzi. Nimeona aibu hadi leo."

"Najua."

"Hujui, mama. Hukuwepo."

"Sikuwepo," shangazi alisema. Hakutaja wagonjwa wala mtambo.

Binamu yangu akabadilisha bega. Nilidhani ataondoka. Badala yake akakaa chini, palepale kwenye nyasi, akamweka mtoto mapajani.

"Wanasema uliokoa ishirini na watano. Redioni wamesema, ila jina lako wamelikosea," alisema. "Huyo mwingine alikuwa nani?"

Shangazi akakalia tena kile kiti kidogo. Akasema alikuwa mshona viatu, kwamba alikuja kumfahamu mkewe baadaye, kwamba mke huyo alimletea stoo kandambili alizoshona marehemu, akazipokea na akashindwa kuzivaa. Mlinzi aligonga saa yake kwa kidole akituonyesha. Nilimwendea, nikamwomba dakika tano za nyongeza, akanitazama juu mpaka chini, akageuka kuangalia upande wa pili.